Sura ya Nane: Picha Inatangulia, Mpiga Picha Anafuata

Enzi za filamu, mpiga picha wa gazeti mara nyingi hakuuona mwisho wa mchezo aliotumwa kuupiga. Gazeti lilikuwa na saa yake ya kufunga kurasa, na filamu ilikuwa na safari yake: itolewe kwenye kamera, ipelekwe mjini kwa pikipiki, isafishwe kwa dawa gizani, ikaushwe, ichapwe. Basi mpiga picha alikaa nyuma ya goli kwa dakika ishirini au thelathini za mwanzo, akiomba bao lifungwe mapema na lifungwe upande wake, kisha akaondoka. Bao la dakika ya 88 alilisikia redioni kama watu wengine. Usishangae ukifunua kurasa za michezo za zamani ukakuta beki karuka kichwa peke yake, kwenye mechi ambayo habari yake inamsifu mshambuliaji asiyeonekana pichani.

Sura hii inahusu kifaa kidogo kilichombakisha mtu huyo uwanjani hadi filimbi ya mwisho: transmita inayofungwa kwenye kamera ya dijitali, ikarusha picha kwa mawimbi ya redio huku mwenyewe bado amekaza jicho kwenye kamera. Wauzaji hukisifu kwa kasi. Nimekitazama kifaa hiki kikifanya kazi mikononi mwa watu wengi, na ninaamini kasi inayosifiwa ni ya mtu zaidi kuliko mashine. Anayewahi ni yule anayejua picha zipi zibaki kwenye kadi.

Kutuma picha mbali si jambo la juzi. Tarehe 1 Januari 1935, shirika la habari la Associated Press la Marekani lilianza kupeleka picha kwa nyaya za simu. Ya kwanza ilionyesha ajali ya ndege katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, nayo ikayafikia magazeti 47 katika majimbo 25. Picha iliyokwisha kuchapwa ilizungushwa kwenye pipa dogo, mwanga ukaisoma mstari kwa mstari, na kila mstari ukageuzwa kuwa mlio uliosafiri kwenye waya. Ilikuwa hatua kubwa, ila picha ilipaswa kwanza kuifikia mashine, na mashine haikubebeka mfukoni.

Mwaka 1991 Kodak ilitoa kamera ya dijitali ya kwanza iliyowalenga waandishi wa habari, DCS, iliyojengwa juu ya kiwiliwili cha Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3 na bei ya zaidi ya dola 20,000. Kamera yenyewe haikuwa na mahali pa kuhifadhi picha. Waya uliunganisha kamera na sanduku lililoning'inia begani, ndani yake mna diski ya megabaiti 200, na aliyetaka aliweza kuchomeka kibodi ili aandike maelezo ya picha. Ukiitazama leo unacheka, lakini waliobuni sanduku lile walikuwa wameelewa jambo moja mapema sana: kwamba picha ya habari haijakamilika mpaka iwe na maneno yake na iwe na njia ya kuondokea.

Njia isiyo na waya ilikuja mwezi Julai 2003, Nikon ilipotangaza kamera ya D2H pamoja na transmita yake, WT-1, iliyofungwa chini ya kamera. Mwaka uliofuata Canon nayo ikaleta ya kwake, WFT-E1. D2H ilipiga picha nane kwa sekunde, kila moja ya megapikseli 4.1. Watu waliikejeli hiyo nne, kwa kuwa Canon tayari ilikuwa na EOS-1Ds ya megapikseli 11. Kwa studio kejeli hiyo ilikuwa na haki. Kwa uwanjani, hesabu ilisema vingine. WT-1 ilitumia kiwango cha Wi-Fi kinachoitwa 802.11b, ambacho kwenye karatasi ni megabiti 11 kwa sekunde, na kwa kweli ni nusu ya hapo au pungufu. Picha ya megabaiti 2 ina megabiti 16. Kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde, hiyo inachukua sekunde tatu na kitu kidogo. Iongeze picha mara tatu, na foleni inaongezeka mara tatu. Waliochagua megapikseli chache walikuwa wameupima upana wa mlango kabla ya kununua kabati.

Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo, ingawa namba zote zimekua. Chukua kamera ya kisasa inayotoa JPEG ya megabaiti 8, sawa na megabiti 64. Chukua mtandao wa uwanjani unaokupa megabiti 4 kwa sekunde, jambo la kawaida pale watu wanapokuwa wengi. Picha moja inachukua sekunde 16. Sasa shikilia kitufe kwa sekunde tatu tu, kamera ikipiga picha kumi kwa sekunde. Umejipatia picha 30, na ukiwa umeiambia transmita itume kila kitu, umejipatia pia foleni ya dakika nane. Bao likifungwa dakika ya pili ya foleni hiyo, picha ya bao itasubiri nyuma ya picha za mchezaji anayefunga kamba za viatu.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza unafanyika kwenye menyu, kabla hujatoka nyumbani. Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi. Ziambie ziandike faili ghafi, ile ya RAW, kwenye kadi moja, na JPEG ndogo kwenye nyingine, halafu transmita itume JPEG peke yake. Gazeti halihitaji megapikseli 45 kwa picha itakayochapwa safu mbili, na simu ya msomaji inahitaji chache zaidi. Faili ghafi linabaki kwenye kadi yake likingoja kazi za baadaye: bango, kalenda, kitabu. Punguza ukubwa wa JPEG hadi megabaiti 1 au 2 na zile sekunde 16 zinakuwa mbili hadi nne.

Uamuzi wa pili unafanyika uwanjani, kwa kidole. Transmita nyingi zinakupa njia mbili: kutuma kila picha papo hapo, au kutuma zile tu ulizoziwekea alama. Njia ya kwanza inavutia kwa sababu haikusumbui. Mimi ningeiacha kwa studio, na kwa siku ambayo unajua utapiga picha chache. Kwenye mchezo, mkutano wa kisiasa au mahakamani, tumia alama. Mpira ukitoka nje, rudisha picha kwenye kioo, chagua moja, bonyeza. Katika kamera za Nikon utaona kialama cheupe kwa picha iliyo kwenye foleni, cha kijani kwa inayotumwa, na cha buluu kwa iliyokwisha kufika. Aliyezoea kazi hii hutuma picha moja au mbili kwa kila tukio, na mikono yake inarudi kwenye lenzi kabla kipa hajaupiga mpira.

Kuna mtindo mwingine uliokuja na WT-4 ya mwaka 2007, ile iliyotoka pamoja na D3 na D300, na mimi naupenda kwa uungwana wake. Badala ya kamera kusukuma picha, mhariri aliyekaa kwenye kompyuta aliona vijipicha vidogo vya kilichomo ndani ya kamera, hadi kamera tano kwa pamoja, akachagua alichokitaka na kukivuta. Mpiga picha alibaki na kazi moja tu, kupiga. Ulihitaji mhariri mwenye jicho, na kompyuta iliyo jirani, ndiyo sababu haukuenea sana. Pale ulipowezekana, ulimaliza ugomvi wa zamani kati ya aliye uwanjani na aliye ofisini kuhusu nani anajua picha nzuri.

Sasa tuingie ndani ya kifaa chenyewe, maana wengi hukiogopa bure. Transmita ni kompyuta ndogo yenye redio. Inafanya mambo mawili: inajiunga na mtandao kama simu yako inavyojiunga, kisha inafungua mazungumzo na seva na kuikabidhi faili. Mazungumzo hayo, mara nyingi, huendeshwa kwa itifaki inayoitwa FTP, iliyoandikwa mwaka 1971. Kamera ya dijitali ya kwanza, aliyoiunda mhandisi Steve Sasson wa Kodak, ilikuja mwaka 1975, ikiwa na megapikseli 0.01 na ikihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Maana yake, lugha inayotumiwa na kamera yako ya mamilioni kutuma picha ina umri mkubwa kuliko kamera ya dijitali yenyewe. Imedumu kwa kuwa ni nyepesi na kila seva inaielewa.

Mambo hayo mawili yakumbuke kama nusu mbili, kwa sababu yatakuokoa siku picha haziendi. Nusu ya kwanza ni kamera na mtandao. Hapa panahitajika jina la mtandao, nenosiri, aina ya ulinzi, na anwani ya IP, ambayo kwa kawaida unaiachia ruta igawe yenyewe. Nusu ya pili ni mtandao na seva. Hapa panahitajika anwani ya seva, mlango wake, ambao kwa FTP ya kawaida ni namba 21, jina la mtumiaji, nenosiri lake, na folda picha zinapoingia. Vyote hivi vinahifadhiwa kwenye kamera kama wasifu mmoja, na unaweza kuwa na kadhaa: wa ofisini, wa uwanjani, wa simu yako.

Picha zisipotoka, jiulize kwanza ni nusu ipi imelala. Chukua simu, ijiunge na mtandao uleule. Simu ikikataa, tatizo liko kwenye nusu ya kwanza: nenosiri, umbali au ruta. Simu ikifungua intaneti vizuri na kamera bado inalalamika, angalia nusu ya pili. Na kama kamera inafika kwa seva, inakubaliwa, kisha inakwama wakati wa kutuma faili, tafuta kwenye menyu kitu kinachoitwa hali tulivu ya FTP, ile ya PASV, uiwashe. Bila hiyo, seva hujaribu kuifungulia kamera mazungumzo mapya kutoka nje, na ruta nyingi, hasa mtandao unaotoka kwenye simu, hufunga mlango huo. Swichi hiyo moja imewanyima watu usingizi kuliko kasoro yoyote ya lenzi.

Kingine, usichomoe kadi wakati kialama cha kijani kinawaka. Kamera ikizimika katikati, picha iliyowekewa alama haipotei. Ukiiwasha tena, safari inaendelea. Kadi ikitolewa, hilo ni jambo lingine.

Nimesema mhariri anahitaji maneno. Picha 12 za wachezaji waliovaa jezi nyekundu zinazoingia kwenye seva zikiwa na majina kama DSC_4471 hazimsaidii mtu. Kamera za kazi za siku hizi zinakubali kiolezo cha maelezo kinachofuata utaratibu wa IPTC, uliokubaliwa na vyombo vya habari duniani. Unaandika nyumbani, kwa utulivu: jina lako, mahali, tarehe, tukio, haki miliki. Kila picha inayopigwa inazaliwa na maelezo hayo ndani yake. Linalobaki ni jina la aliyemo pichani, na hilo kamera nyingi hukuruhusu kulisema kwa sauti, zikaambatanisha faili dogo la sauti na picha. “Namba tisa, kafunga kwa kichwa, dakika ya 61.” Hakikisha faili hilo la sauti nalo linatumwa. Pia panga saa ya kamera iwe sawa na saa ya ofisini, hadi dakika. Mhariri mwenye picha mia kutoka kwa wapiga picha watatu hupanga tukio kwa saa, na kamera iliyobaki kwenye saa ya Tokyo inamwonyesha goli likiingia baada ya timu kuondoka uwanjani.

Redio ndiyo sehemu yenye ukaidi. Wapiga picha wengi hufika mapema, uwanja ukiwa mtupu, wakajaribu transmita, ikarusha vizuri kutoka kona hadi kona, wakaridhika. Saa mbili baadaye haiendi popote. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam unaingiza watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga, hao ni watu 60,000 wenye simu, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 hunyonywa na maji. Watu wanapojipanga kati yako na ruta, umejengewa ukuta usiouona. Tena wengi wao wamewasha mtandao wa simu zao kuwagawia jamaa, na zote zinagombania nafasi ileile finyu. Katika masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, namba 1, 6 na 11.

Dawa yake ya kwanza ni kwenda kwenye masafa ya gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi na kelele ni ndogo. Hayafiki mbali na hayapendi kuta, lakini ukikaa mita chache kutoka kwenye ruta yako mwenyewe haikudhuru. Ya pili ni kuinua ruta juu ya vichwa vya watu; mita mbili za mlingoti zinafaa kuliko antena ya bei mbaya iliyolala kwenye nyasi. Ya tatu ni saa. Mtandao wa simu uwanjani hufurika wakati ambao kila mtu ana jambo la kumwonyesha mwenzake: baada ya bao, wakati wa mapumziko, na filimbi ya mwisho. Picha za awali, wachezaji wakiingia, mashabiki, makocha wakipeana mikono, zitume mapema, foleni iwe tupu mchezo unapochemka.

Kama kuna waya, tumia waya. Nasema hivi katika sura inayohusu kifaa kisicho na waya, na sioni haya. Nikon D4, iliyotangazwa Januari 2012, ilikuja na tundu la waya wa mtandao ubavuni. Upande huohuo ikapachikwa WT-5, transmita ndogo iliyokula umeme wa kamera yenyewe. Canon EOS-1D X ya wakati uleule nayo ilikuwa na tundu kama hilo. Watengenezaji walijua kwamba kwenye Olimpiki na fainali kubwa, wapiga picha hukaa sehemu walizopangiwa na nyaya huletwa hadi miguuni pao. Waya haujui watu 60,000. Transmita ni ya mtu anayetembea: aliye kwenye maandamano, pembeni ya barabara ya mbio za magari, kwenye ngazi za mahakama.

Au aliye harusini, na hapo nina neno. Wapiga picha wa harusi wamezipenda transmita kwa sababu ya skrini kubwa ya ukumbini: bibi harusi anakata keki, na kabla hajamlisha bwana harusi picha iko ukutani. Ni biashara nzuri. Ila Mwambao una shughuli ambazo picha hazitoki. Usiku wa kupamba bibi harusi, wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba kwa ajili ya macho ya wanawake wenzao, na katika nyumba nyingi simu hukusanywa mlangoni. Mpiga picha, naye mwanamke, anaruhusiwa kwa kuaminiwa. Kamera yake ikiwa imesahauliwa kwenye hali ya kutuma kila kitu, picha hizo zinaondoka zenyewe kwenda kwenye seva ya studio, ambako kijana wa kiume anazifungua asubuhi. Hakuna aliyekusudia ubaya, na imani imevunjika. Kwenye shughuli ya namna hiyo vua transmita kabisa, uiache kwenye begi. Usitegemee menyu.

Sheria nayo imeanza kulitazama jambo hili. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Uso wa mtu unaomtambulisha ni taarifa yake. Upande wa ufundi, fahamu kwamba FTP ile ya 1971 inatuma nenosiri lako wazi, bila kifuniko, na yeyote anayenusa mtandao ule anaweza kulisoma. Kamera mpya zina FTPS, inayofunga mazungumzo kwa ufunguo. Ipo? Itumie. Haipo? Basi seva ipe nenosiri ambalo hulitumii mahali pengine, na mtandao uwe wako, si wa mgahawa.

Kwa kuwa vifaa hivi hutufikia mara nyingi vikiwa vimetumika, vikitoka Marekani, Dubai au Ulaya, mambo machache ya sokoni yanafaa kusemwa. Transmita haziazimani. Canon WFT-E4 ni ya 5D Mark II, WFT-E5 ni ya 7D, na moja haiingii kwenye nyingine. Nikon WT-3 ni ya D200. Muuzaji atakayekuambia “inaingia kamera zote” hajawahi kuifunga hata moja. Halafu kuna nchi ilikotoka. Marekani inaruhusu chaneli 1 hadi 11 katika gigahezi 2.4, Ulaya na nchi nyingi nyingine zinafika 13, na ndiyo sababu Nikon WT-4 iliuzwa kwa matoleo yenye herufi tofauti kulingana na nchi. Transmita ya Marekani haitaiona kabisa ruta yako ikiwa imekaa chaneli ya 13. Ishushe ruta hadi 11 au chini ya hapo. Mwisho ni ulinzi. Transmita za mwanzo zilijua WEP, ulinzi ambao watafiti waliuonyesha kuwa dhaifu tangu 2001. Kuzitumia leo maana yake ni kuishusha ruta nzima kwenye kiwango hicho. Sikushauri, hata ukipewa bure.

Kuna gharama nyingine inayojificha, na historia ya Eye-Fi inaionyesha. Mwaka 2007 kampuni hiyo ya Marekani ilitoa kadi ya kumbukumbu yenye Wi-Fi ndani yake. Uliiingiza kwenye kamera yoyote ya kawaida, na kamera ikawa na transmita. Wazo zuri kuliko yote niliyoyataja humu, na lilipendwa. Lakini kadi hizo ziliitegemea seva ya kampuni ili zipangwe na ziamrishwe, na mwezi Septemba 2016 huduma ya kadi za zamani, za X2 na zilizoitangulia, ikafungwa. Kadi hazikuharibika. Aliyekuwa anazijibu ndiye aliyeondoka. Tangu hapo nauliza swali hilo kwa kila kifaa kipya: kampuni ikifunga ofisi kesho, hiki kitanifanyia nini? WT-4 inayotuma kwa FTP kwenye seva yako mwenyewe bado inajibu.

Siku hizi kazi ya transmita inahamia kwenye kitu ambacho tayari unacho. Canon ina programu ya simu ya Mobile File Transfer, Nikon ina NX MobileAir. Kamera za aina zinazokubaliwa na programu hizo huunganishwa na simu kwa waya mfupi wa USB, na simu inapeleka picha kwa mtandao wake, ikiwa na maelezo yake na vyote. Wi-Fi ya uwanjani haiguswi kabisa. Sony imeenda mbali zaidi na PDT-FP1, kifaa chenye umbo la simu, tundu la waya wa mtandao na feni ndani yake kwa ajili ya joto la 5G. Wapiga picha wetu hawakungoja programu za kampuni. Kamera hutuma kwenye simu kwa Wi-Fi yake ya ndani, na simu humtumia mhariri kwa WhatsApp. Inafika, ila WhatsApp isipoambiwa itume kama faili hubana picha na kufuta maelezo yote uliyoyaandika ndani yake. Tuma kama waraka, si kama picha. Na hesabu kifurushi: picha 200 za megabaiti 2 ni megabaiti 400, na mtandao wa simu hautakurudishia chochote kwa picha zilizokataliwa na mhariri.

Betri itakwisha haraka kuliko ulivyozoea. Redio inayotafuta mtandao usiopatikana inakula zaidi ya redio iliyoupata, kwa hiyo mahali pasipo na mtandao, izime. Beba betri ya pili ya kamera na chaji ya akiba ya simu.

Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Wapiga picha watakaokuja kutoka nje watakuwa na nyaya, ruta na wahariri wao. Kijana wa hapa anayetaka kuuza picha siku hiyo hahitaji kuwa na vyote hivyo. Kama kamera yako ina Wi-Fi au inakubali simu kwa USB, usinunue transmita. Fedha hiyo weka kwenye lenzi. Kama kamera ni ya zamani na transmita yake inapatikana kwa bei ya haki, nunua, lakini ijaribu kwanza kwa ruta yako mbele ya muuzaji. Na vyovyote vile, wiki moja kabla ya mchezo mpigie mhariri simu, mkubaliane anwani ya seva, folda, ukubwa wa picha na muundo wa maelezo, kisha umtumie picha moja ya majaribio na umsikie akisema imefika.